Kulea Zege: Mchemraba na Nguzo katika Mji wa Dodoma

Husimuliwa katika nchi ya Ugogo kwamba tembo mmoja alishuka kunywa maji, akakanyaga tope, na tope likammeza hata asiweze kujinasua. Walioshuhudia wakasema kwa lugha yao, idodomya, yaani imezama. Na kutokana na neno hilo mahali pale pakapata jina la Dodoma. Yapo masimulizi mengine juu ya asili ya jina hili, lakini hili ndilo linalojulikana zaidi, nami nalipenda kwa sababu yangu mwenyewe. Ni jina lililozaliwa siku ambayo uzito uliushinda uwezo wa kile kilichoubeba. Makao makuu ya nchi yetu, kwa masimulizi haya, yameitwa kwa kumbukumbu ya jaribio lililoshindwa.

Mimi si mhandisi. Elimu yangu ya darasani ilikatika mapema, na yaliyobaki nimeyaokota vitabuni, katika kamusi na kwa watu. Kazi yangu ni tungo na tafsiri. Ilikuwaje basi mtu wa vina na mizani, tena wa kisiwani, akajikuta mjini Dodoma mbele ya mizani ya aina nyingine kabisa? Sababu ilikuwa karatasi nne. Kijana mmoja wa marehemu rafiki yangu, mhandisi anayefanya kazi huko, aliniletea mwongozo wa wasimamizi wa mafundi kuhusu utengenezaji na upimaji wa zege, akaniomba niutie katika Kiswahili. "Ami," aliniambia, "karatasi hizi ni za Kiingereza, na mwenye kushika koleo hasomi Kiingereza. Hayo maneno mazuri yote yanaishia ofisini." Nikamjibu kwamba siwezi kufasiri jambo nisilolijua hata kwa sura. Nikavuka bahari, nikapanda reli mpya iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, nikaenda kuangalia.

Nilichoonyeshwa kwanza kilikuwa mchemraba. Vijana wa maabara huuita kyubu. Kila upande wake una urefu wa milimita 150, basi hauzidi sana shubiri ya kijana, na uzito wake ni kilo nane hivi. Hutengenezwa kwa zege lile lile linalomiminwa kwenye jengo: huchotwa likiwa bichi, likashindiliwa tabaka kwa tabaka katika kasha la chuma kwa fimbo ya chuma ili hewa itoke, na uso wake wa juu ukasawazishwa. Kesho yake kasha hufunguliwa, mchemraba ukaandikwa namba na tarehe, kisha ukazamishwa katika birika la maji. Huko hukaa. Wengine hutolewa siku ya saba ili kupata fununu, na wengine siku ya 28, ambayo ndiyo siku ya hukumu. Hakuna miujiza katika namba 28. Ni desturi waliyokubaliana wahandisi, kwani zege likipata unyevu huendelea kukomaa kwa miezi na hata miaka, na lazima pawepo siku moja ambayo wote watapimia.

"Shikamoo, mzee," kijana wa maabara alinipokea. "Usogee nyuma kidogo, maana huu ukivunjika hurusha vipande." Nikasogea. Akaufuta maji, akaupima uzito, akauweka kati ya sahani mbili nene za chuma, akiulaza ubavu ili nyuso zilizogusa chuma cha kasha ndizo zibanwe, kwa kuwa zile ni laini na zimenyooka kuliko uso uliosawazishwa kwa mkono. Akafunga wavu. Mashine ikaanza kuvuma, na namba zikapanda taratibu, kwa mwendo uliopangwa, kwani mzigo ukiletwa kwa pupa zege huonekana lina nguvu kuliko lilivyo. Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu. Kisha pembeni pakachubuka ganda jembamba, nikasikia mlio mkavu kama wa kuni, na namba zikaporomoka. Wavu ulipofunguliwa, kilichobaki kilikuwa na umbo la piramidi mbili zilizogusana kwa ncha, mfano wa kinu kilichobanwa kiuno.

"Huu umekufa vizuri," alisema yule kijana, akaandika namba katika daftari.

Nilimwomba anieleze kufa vizuri ni kufa vipi, na maelezo yake, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Zege ni kokoto na mchanga vilivyoshikanishwa na uji wa saruji uliogeuka jiwe. Hata kabla ya kubanwa, ndani yake mna nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, hasa pale uji unapokutana na kokoto, kwa kuwa mpaka huo ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Mzigo unapoanza, hadi kama asilimia 30 ya ule utakaouvunja, mchemraba hufupika kidogo sana na nyufa hizo hazisogei. Ukizidi hapo, nyufa zinaanza kutambaa kuzunguka kokoto. Ukifika kama asilimia 75 au 80, huiacha mipaka ya kokoto, zikaingia katika uji wenyewe, zikatafutana na kuungana. Kuanzia hapo, hata mzigo usipoongezwa, ukiachwa tu ukae, nyufa huendelea kukua zenyewe. Nje mchemraba bado mzima. Mpaka unapofikia kilele chake umefupika kwa sehemu mbili tu katika elfu, yaani milimita 0.3. Wahenga waliotuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakizungumza juu ya ufa unaoonekana. Huu wa zege hauonekani, na hauzibiki.

Jambo la pili nililojifunza lilinishangaza zaidi. Kitu kinachobanwa kutoka juu hutaka kutanuka ubavuni, kama unga wa chapati chini ya kiganja. Zege lina uwezo mkubwa wa kubanwa, lakini uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya huo. Kwa hiyo, linapobanwa, hupasuka kwa nyufa zinazosimama wima, zikifuata njia ya mzigo. Hufa kwa kuchanika. Na zile piramidi mbili zinabaki kwa sababu sahani za chuma hushika nyuso za juu na chini zisitanuke. Karibu na chuma zege huhifadhika, katikati huachwa peke yake na kumomonyoka. Ndiyo maana zege hilo hilo likipimwa katika umbo la mcheduara wa milimita 150 kwa 300, ambao ni mrefu na kiuno chake kiko mbali na sahani, hutoa namba ndogo zaidi, kiasi cha asilimia 80 ya ile ya mchemraba. Basi ile namba ya daftarini haikutoka katika zege peke yake. Imetokana na zege, na umbo, na chuma, na mwendo wa mashine, na siku 28 za majini.

Hata hivyo, ni namba ya kustaajabisha. Zege la daraja la 25, ambalo ni la kawaida katika majengo yetu, sharti lihimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Uso wa mchemraba una milimita za mraba 22,500. Zidisha, msomaji, utapata kilonyutoni 562, ambazo ni kama uzito wa tani 57. Tembo dume mkubwa hufikia tani sita. Ni sawa na kuwapandisha tembo tisa juu ya kitu unachoweza kukipakata. Yule tembo wa Dodoma, laiti angekanyaga mchemraba badala ya tope, mji huu ungekuwa na jina jingine.

Desturi hii ya kuvunja kidogo ili kingi kisimame haikuanza jana. Waashi wa kale, wa kwetu na wa kwingineko, waliijua chokaa kwa ulimi, kwa kidole na kwa miaka. Katika miaka ya 1750 Mwingereza John Smeaton, alipokuwa akijenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone baharini, alijaribu chokaa za kila namna akagundua kwamba ile itokanayo na mawe yenye udongo ndani yake hukaza hata chini ya maji. Mwaka 1824 mwashi wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hati ya ugunduzi wa kitu alichokiita saruji ya Portland, kwa kuwa rangi yake ilifanana na mawe ya Portland. Saruji hiyo ilipoanza kuuzwa viwandani kwa mapipa, ilikuja na shaka mpya: mnunuzi hakumjua aliyeichoma, wala hakujua imechomwa vipi. Ndipo kipimo kikawa badala ya kujuana.

Mwaka 1866 Mskochi David Kirkaldy alifungua jijini London karakana ya kupima vifaa kwa kuvivuta na kuvibana hadi vivunjike, kwa mashine kubwa aliyoibuni mwenyewe. Juu ya mlango wa jengo alilolihamia mwaka 1874 aliandikisha maneno yenye maana hii: mambo ya hakika, si maoni. Daraja la reli la Tay huko Skotilandi lilipoanguka na treni usiku wa Desemba 28, 1879, vyuma vyake vilipelekwa kwake vikapimwe. Nimeyafikiri sana maneno ya mlango ule. Ni maneno mazuri, lakini yanahitaji nyongeza nitakayoileta mbele.

Kisha akaja Duff Abrams wa Chicago. Baada ya kuvunja maelfu ya vipande vya zege katika maabara ya Taasisi ya Lewis, alitangaza mwaka 1918 kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii: kwa vifaa vile vile, nguvu ya zege hutegemea kiasi cha maji kwa kiasi cha saruji. Maji kidogo hukaza. Maji mengi hudhoofisha. Saruji huhitaji sehemu tu ya maji hayo ili igeuke jiwe. Yanayozidi hubaki humo, yakikauka huacha vitundu. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25 za maji hutoa zege zuri, ila ni zito kulisukuma kwa koleo. Saidia fundi aliyechoka akiongeza ndoo moja ya lita kumi, zege hulainika, kazi hurahisika, na nguvu yake hupungua kwa thuluthi au zaidi. Hakuna atakayeona tofauti siku hiyo. Ndoo moja, msomaji, ya huruma kwa mgongo wa leo, na deni lake hulipwa na mtu ambaye pengine hajazaliwa.

Sasa tuyarejeshe maji haya Dodoma, kwani hapa ndipo historia yetu yenyewe inapoanza.

Nyanda za juu za kati ni nchi kavu. Mji uko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari. Mvua yake haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyosalia ni jua na upepo. Misafara ya pembe iliyotoka pwani yetu karne ya 19 iliiogopa nchi hii kwa kiu yake, ikalipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili ipite na inywe. Wenyeji walijenga kwa kuifuata hali hiyo. Tembe ya Mgogo ilisimama juu ya miti migumu iliyosimikwa ardhini. Kuta zake zilikuwa za fito zilizokandikwa udongo, na paa lake bapa lilitandazwa udongo mzito uliozuia joto la mchana na baridi ya usiku. Paa la namna ile si mzigo mdogo, na mvua ikinyesha huzidi uzito. Tembe ilipimwa na mvua yenyewe kila mwaka, mbele ya macho ya waliomo, na aliyeijenga ndiye aliyelala chini yake. Huo nao ulikuwa upimaji, na haukuhitaji daftari.

Wajerumani walileta reli ya kati mwanzoni mwa karne ya 20, na stesheni ikazaa mji. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia watu katika vijiji vipya, na tembe nyingi zikabaki magofu. Mwaka 1973 chama cha TANU kikaamua kwamba makao makuu ya nchi yatoke Dar es Salaam yaje Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa kusimamia kazi hiyo. Ilidhaniwa kwamba uhamisho ungechukua miaka kumi. Lakini miaka kumi ile ndiyo iliyoleta kupanda kwa bei ya mafuta, ukame, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Saruji ya nchi ilitoka zaidi katika kiwanda cha Wazo Hill karibu na Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Cha Tanga kilianza mwaka 1980 na cha Mbeya mwaka 1983. Kila mfuko uliofika Dodoma ulikuwa umesafiri mamia ya kilomita, na wengi wetu tunaikumbuka enzi ambayo saruji ilipatikana kwa kibali.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwashi wa Unguja, mtu wa chokaa na mawe ya matumbawe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Dodoma kutafuta kazi katika ujenzi wa mji mpya, akakaa huko miaka kadhaa. Aliporudi hakuwa na masimulizi ya majengo. Masimulizi yake yote yalikuwa ya maji. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "kwetu chokaa huiachia hewa ya bahari, ikajikalia yenyewe. Kule zege hulia kama mtoto mchanga, na huna cha kulinyonyesha." Nikiwa kijana niliyasikia maneno hayo kama mzaha wa mtu mzima. Nilipofika maabara nikaelewa kwamba alikuwa akisema jambo la kisayansi.

Kwani saruji haikauki kama nguo. Hukaza kwa kuungana na maji, na muungano huo huendelea siku nyingi baada ya zege kumiminwa. Maji yakipotea mapema, kwa jua na upepo, muungano husimama njiani, na zege hubaki changa kwa maisha yake yote. Nje ganda lake huvumbika na kupasuka nyufa. Ndani huwa na kiu isiyotulizwa tena. Ndiyo sababu nguzo na jamvi hufunikwa magunia mabichi au karatasi za nailoni, na humwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki moja au zaidi. Mji wa Dodoma tangu miaka mingi umeyategemea maji ya visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na wakazi wake wamekuwa wakiongezeka kuliko maji yao. Mahali ambapo mama anapanga foleni na ndoo yake, si rahisi kumshawishi msimamizi wa mafundi kwamba nguzo nayo ina haki ya kunywa.

Hapa ndipo penye kiini cha niliyotaka kuyasema. Mchemraba na nguzo ni pacha. Wamezaliwa siku moja, katika karai moja, kwa mkono mmoja. Mmoja akapelekwa maabara, akalelewa siku 28 ndani ya maji ya utulivu, hajui jua wala upepo. Mwingine akabaki uwanjani, akasimamishwa wima, akavuliwa mbao zake siku ya pili, akapigwa na kipupwe cha Julai. Siku ya 28 anaitwa yule wa kwanza, anabanwa, anahimili tani 57 au zaidi, na inaandikwa kwamba pacha wake ni mzima. Daftari halikusema uongo. Lilimwuliza mmoja, likamjibia mwingine.

Wahandisi wanalijua hili vyema. Mchemraba hupima zege kama lilivyotengenezwa, na kazi yake ni kumbana mtengenezaji. Pale wanaposhuku nguzo yenyewe, huitoboa kwa mashine wakatoa kiini cha mviringo, wakaenda kukivunja hicho. Ila kiini ni gharama, na kutoboa nguzo ya mtu ni ugomvi. Mchemraba ni rahisi, na cheti chake kinapigwa muhuri. Fundi mmoja mzee, ambaye sitamtaja wala sitautaja mji alikofanyia kazi hiyo, alinisimulia kuwa katika jengo moja walikuwa na rundo la pembeni la kutengenezea michemraba, lenye saruji ya kutosha na maji ya kupimwa, na rundo jingine la kujengea. "Vyeti vyetu, bwana, vilikuwa safi," alisema, na hakucheka. Maneno ya mlangoni kwa Kirkaldy yasema mambo ya hakika, si maoni. Nyongeza yangu ni hii: hakika ya nani, na imechotwa kutoka rundo lipi?

Yapo pia mambo ambayo mchemraba hauwezi kuyasema hata ukitengenezwa kwa uaminifu. Dodoma imekaa katika bonde la ufa, na mipasuko ya ardhi kama ile ya Hombolo na Bubu imo katika eneo lake. Novemba 4, 2002 tetemeko la kipimo cha 5.5 hivi liliutikisa mji. Tetemeko halibani kutoka juu kama mashine ya maabara; huyumbisha nyumba ubavuni, na kuamsha katika zege ule udhaifu wake wa kuvutwa. Hapo wa kujibu ni nondo, na namna zilivyofungwa. Aidha, mashine humaliza kazi yake kwa dakika chache, ilhali nguzo hubeba mzigo mchana na usiku kwa miaka. Zege likiachwa chini ya mzigo unaopita kiasi cha asilimia 80 ya uwezo wake, mwishowe hushindwa, ingawa mashine ilionyesha kwamba linaweza. Ndiyo maana wachoraji wa majengo huacha pengo kubwa kati ya uwezo na mzigo. Pengo hilo ni la kufunika tusiyoyajua. Anayelila kwa kupunguza saruji amekula akiba ya watu wengine.

Na watu hao wapo. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi ya siku ya biashara, wakafa watu wasiopungua 29. Sisi wa kisiwani tusijione tumenusurika kwa kuwa ni watu wa chokaa: Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, iliporomoka mbele ya Forodhani wakati wa ukarabati, na roho za watu zikapotea. Sebabu za kila anguko ni zake, wala si kazi ya mshairi kutoa hukumu. Ninachokijua ni kwamba katika kila moja ya majengo hayo, nyufa zilianza kutambaa kabla ya siku ile, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiangalia.

Leo Dodoma inajengwa kwa kasi ambayo mjomba wangu asingeiamini. Chuo Kikuu kilianzishwa mwaka 2007. Serikali ilianza kuhamia kwa dhati mwaka 2016. CDA ikavunjwa mwaka 2017. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji na sheria ikautangaza kuwa makao makuu. Huko Mtumba wizara zimesimama safu kwa safu. Kilichodhaniwa kuwa cha miaka kumi kimechukua zaidi ya arobaini. Nilipokuwa nikitembea kati ya majengo hayo sikuwa na shaka nayo. Nilikuwa nikijiuliza tu, kila nilipoona nguzo mpya, nani anainywesha.

Nirudi kwenye karatasi zangu nne. Maneno mawili yalinisumbua. La kwanza ni lile la kuutaja uwezo wa zege kubanwa bila kuvunjika. Wengi huandika "nguvu ya mgandamizo". Mimi niliona kwamba nguvu ni ya anayesukuma. Anayesukumwa asianguke ana ustahimilivu. Nikaandika "ustahimilivu wa mbano", nikajipongeza. La pili ni lile la kulitunza zege baada ya kulimimina. Neno la Kiingereza lina harufu ya tiba, kana kwamba zege ni mgonjwa. Mafundi husema "kumwagilia", kana kwamba ni mchicha. Nikawakumbuka wahenga: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kumimina zege ni siku moja, tena siku yenye watu wengi, kelele na soda. Kazi ni zile siku zinazofuata, ambazo hakuna mgeni wala picha, bali mtu mmoja na ndoo. Nikamkumbuka na mjomba, na mtoto wake mchanga asiye na cha kunyonya. Nikaandika "kulea zege".

Kijana wa marehemu rafiki yangu alizisoma karatasi mbele yangu, kalamu mkononi. "Ustahimilivu wa mbano" aliukata kwa mstari mmoja. "Ami, unisamehe," alisema, "mafundi watacheka. Wao husema nguvu ya zege, basi." Nikakubali, neno ni la wenye kazi. Alipofika kwenye lile la pili alinyamaza kidogo, akaligonga kwa ncha ya kalamu mara mbili, akaliacha. Siku iliyofuata, nikisubiri gari la kwenda stesheni, nilipita uwanjani kwao. Jua lilikuwa halijapanda. Msichana mmoja wa kibarua alikuwa akizungushia nguzo gunia bichi, na msimamizi wake, aliyekuwa amekwisha kuisoma ile karatasi, alimwita kutoka mbali: "We binti, umeshawalea wale wa upande wa pili?"

"Bado wawili," alijibu, akainua ndoo.